Re: Mizani zimetimia, mbona shairi la mwanangu linarudishwa?

Ndugu, kama mwanao yuko darasa la 6 huko Vietnam na lục bát yake (shairi la Kivietnamu la mishororo ya mizani 6 na 8 kwa kupokezana) ina mizani sawasawa, kagua vina. Mwisho wa mshororo wa mizani 6 hulingana kwa kina na silabi ya 6 ya mshororo wa mizani 8, si ya mwisho! Silabi ya 8 ndiyo huleta kina kipya, kinachodakwa mwishoni mwa mshororo wa mizani 6 unaofuata. Sisi wa vina vya kati na vya mwisho hujikwaa hapo.

Halafu toni: kwa kawaida silabi ya 2 na ya 6 ni tambarare (haina alama ya toni, au ina huyền, alama ya toni ya kushuka), ya 4 si tambarare. Katika mshororo wa mizani 8, silabi ya 6 na ya 8 zote tambarare, ila moja haina alama, nyingine ina huyền. Nahisi kosa liko hapo. Asome ca dao (mashairi ya jadi ya Kivietnamu) kwa sauti.