Stelingi ndo jini mwenyewe, ila muvi imeogopa kusema

SWALI: Habari za kazi mhariri, mi nina dukuduku naomba unisaidie. Nimesoma I Am Legend ya Richard Matheson, siku tatu nikaimaliza na usiku wa mwisho hata taa sikuzima, basi nikaitafuta muvi ya Will Smith ya 2007 nikijua leo ndo leo. Nimekaa mpaka majina yanapita nasubiri ile sehemu, haikuja! Wenzangu wanasema muvi kali, mi nimenuna. Hivi tatizo ni mimi niliyeanza na kitabu au wameiharibu kweli?

JIBU: Nuna tu ndugu yangu, una haki. (Ambaye hujasoma wala kuangalia ruka hapa, namwaga mwisho wote.)

Kubadilisha vitu sio kosa. Kitabu cha 1954 kipo Los Angeles, muvi wameipeleka New York, Neville, yule stelingi, kitabuni alikuwa mfanyakazi wa kiwanda tu, huku wamemfanya mwanasayansi wa jeshi, sawa, hata mi sina shida. Na kwa mbwa watengeneza muvi nawapa maua yao kabisa, kitabuni ni mbwa wa mtaani anayembembeleza kwa chakula siku nyingi halafu anakufa mapema, kwenye muvi yule Sam yuko naye tangu mwanzo na siku anapokufa hata mi nilijifanya kuna vumbi limeingia machoni.

Shida ni mwisho, tena mwisho wenyewe ndo jina la kitabu, yaani "mimi ndo hadithi". Kitabuni ugonjwa umegeuza watu kuwa wanyonya damu, mzima kabaki Neville peke yake. Neville anashinda mchana anawachoma vigingi wanyonya damu wakiwa wamelala, usiku anajifungia ndani na vitunguu saumu vyake huku Ben Cortman, jirani waliyekuwa wanakwenda naye kazini, yuko nje anamwita atoke. Unamwonea huruma kurasa zote hizo. Kumbe kuna wagonjwa waliopata dawa ya kuishi na ule ugonjwa, wanajenga jamii yao mpya, na kwao jini linaloua watu usingizini ni yeye! Wanamkamata, anachungulia dirishani anaona umati unavyomtazama kwa woga, na hapo ndo anaelewa kwamba yeye ndo hadithi ya kutisha watakayosimuliana.

Sasa muvi imefanya nini? Stelingi anapata dawa, anampa mama mmoja na mtoto wakimbie nayo, anajilipua kwa bomu la mkono na wale viumbe (ndo wagonjwa wa kwenye muvi), dunia inapona. Jina lilelile, maana imepinduliwa miguu juu, jini limegeuzwa shujaa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwisho mwingine waliushuti! Ndani yake yule kiongozi wa viumbe anavamia maabara kwa sababu anamtaka mwenzake wa kike, ambaye Neville alimteka kumjaribishia dawa, basi Neville anaangalia zile picha za wote waliokufa mikononi mwake, anamrudisha na kuomba msamaha. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda, ukabadilishwa, ukaja kutoka kwenye DVD. Ndo maana ile ya sinema ina kitu hakikai sawa: viumbe wanamtegea Neville mtego unaofanana na aliowatega yeye, yaani wana akili, halafu stori inasahau kabisa kwamba wana akili na wanarudi kuwa wa kupiga kelele na kugonga vioo kwa vichwa. Na wenyewe ni wa kompyuta, wanateleza kama katuni, Cortman na ile sauti yake tu barazani anatisha kuliko kundi lote lile.

Kwa hiyo sio wewe. Hata Matheson mwenyewe alishanuna, muvi ya kwanza ya kitabu hiki, The Last Man on Earth ya 1964 ambayo stelingi ni Vincent Price, alishiriki kuandika skripti halafu hakuridhika na kilichotoka, akaomba jina lake lisiwekwe, wakaandika Logan Swanson. Na cha kushangaza ndo hiyo iliyo karibu zaidi na kitabu, ni ya rangi nyeusi na nyeupe na bajeti yake inaonekana ilikuwa ya mawazo, ila itafute.

SWALI: Mi sijasoma wala sijaangalia ila jibu la juu nimelisoma lote, sikuweza kuruka. Sasa nianze na kipi?

JIBU: Anza na muvi. Kitabu hata ukijua mwisho wake bado utawasha taa.