Chenga (vidoadoa kama punje za mchanga) kwenye picha: tatizo ni kampuni ya kamera au ni mwanga?

Swali: Mimi natumia Fujifilm, mwenzangu Canon. Tunaweka ISO 1600 (namba ya wepesi wa kamera kwa mwanga), shata sawa (muda wa kuingiza mwanga), apacha sawa (tundu la lenzi), yangu inatoka giza kidogo. Sensa, kile kibapa kinachopokea mwanga, imekufa?

Haijafa. Standadi yenyewe, ISO 12232, inazipa kampuni njia zaidi ya moja ya kuipata hiyo namba, kwa hiyo 1600 ya huyu na 1600 ya yule sio lazima zilingane, na Fujifilm wanajulikana kwa hilo miaka mingi. Halafu kuna lenzi, f/2.8 inakuambia ukubwa wa tundu tu, haisemi vioo vimemeza mwanga kiasi gani. Mkitaka kushindanisha kihalali wekeni shata na apacha sawa, pigeni RAW (faili ghafi la kamera), kwenye kompyuta zing'arisheni zifanane ndo mkague chenga kwenye vivuli.

Swali: Eti Canon za zamani zina chenga kuliko Nikon?

Kwenye vivuli ni kweli kabisa. Chukua Canon 5D Mark III ya 2012, nyanyua vivuli stopu 3 kwenye editingi (kila stopu ni mwanga mara 2), utaona mistari na madoa mekundu, wakati Nikon D800 ya mwaka huohuo, yenye sensa ya Sony, imetulia. Canon walikuwa wanageuza umeme wa sensa kuwa namba nje ya sensa, na huko njiani unaokota uchafu. 2016 kwenye 5D Mark IV kazi hiyo ikahamia ndani ya sensa yenyewe na pengo likapungua sana. Ila kwenye ISO 6400 hata enzi hizo tofauti ilikuwa ndogo.

Swali: Megapikseli nyingi, chenga nyingi?

Ukizoom mpaka mwisho, ndio. Ukiziprinti saizi moja, karibu sawa. Angalia zaidi ukubwa wa sensa, fulu fremu (sensa ya saizi ya filamu ya 35mm) ina eneo zaidi ya mara 2 ya APS-C (sensa ndogo zaidi).

Swali: Nyuso za maharusi zina chenga hata kwa ISO 800, ninunue Sony?

Usinunue kwanza. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu mita (kipima mwanga cha kamera) inadhani ukumbi una mwanga mwingi, inapunguza, uso wa bibi harusi mweusi unazama, ukija kuunyanyua kwenye editingi chenga zote zinatoka nao. Wakiwa wamesimama jukwaani shusha shata toka 1/250 hadi 1/125, mwanga tayari umekuwa mara 2, na angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) gauni lisiungue, yaani lisibaki weupe mtupu.