Usiviache vidonge, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mimba ina wiki 26, wingi wa damu (hemoglobini) umepimwa ukakutwa 9.8, na vidonge vya madini chuma vimekufunga choo na kukifanya cheusi. Unauliza kama unaweza kuviacha, ukala vizuri tu.

Usiviache. Choo cheusi kisikutishe, ni chuma ambacho mwili haukukitumia. Kufunga choo ndiko kwa kushughulikia: maji mengi, matunda, mboga, kutembea. Ukizidi kuteseka mwambie mkunga, anaweza kukubadilishia aina au kukupangia umeze siku moja na kuruka inayofuata. Ila apange yeye.

Mjamzito damu yake huongezeka maji haraka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo kushuka kidogo ni kawaida. Ndiyo maana miezi ya katikati mpaka wa upungufu wa damu huwekwa 10.5 badala ya 11. Wewe uko chini ya hapo, na mtoto ndiyo kwanza anaanza kujiwekea akiba yake ya chuma kutoka kwako. Nyama, samaki, maharage na mboga za kijani kula, tena kwa bidii, lakini mwili wako sasa unahitaji kama miligramu 27 za chuma kwa siku, na kilichomo kwenye maharage na mboga huingia mwilini kwa shida. Sahani peke yake haitalifukia pengo hilo kabla hujajifungua. Ini usilifanye chakula cha kila siku, vitamini A ikizidi humdhuru mtoto. Na juisi nyekundu wanazokusifia, rangi yake haigeuki damu.

Sasa nikwambie ambalo sijawahi kukwambia. Mimba yako mimi vidonge sikuruka hata siku moja, ila nilivishushia kwa chai ya maziwa kila asubuhi. Hakuna aliyeniuliza navimeza na nini. Chai hukizuia chuma kisiingie, na maziwa vilevile. Nilifika kujifungua damu ikiwa chini, nikapoteza nyingine, nikaongezewa chupa mbili. Siku yako ya kwanza duniani sikuwa na nguvu ya kukupakata.

Kwa hiyo wewe meza kwa maji, tumbo likiwa tupu, na chungwa pembeni, maana vitamini C hukisaidia chuma kuingia. Kichefuchefu kikikushika, tanguliza chakula kidogo. Chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalsiamu visubiri kwa muda wa saa mbili.

Baada ya wiki nne upimwe tena. Isipopanda, waulize chanzo: minyoo, malaria, selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), upungufu wa asidi ya foliki. Ukitokwa na damu, ukizimia, au ukihema hata umekaa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Vidonge viweke juu, mwanao mkubwa asivifikie. Kwa mtoto mdogo ni sumu.

Kesho ukishameza nipigie, uniambie umemeza na nini.

Mama yako