Je, "ni Zuhura tu" lilikuwa jibu la kufunika mambo?

Uliona taa ya ajabu angani usiku, na unauliza kama Jeshi la Anga la Marekani lilificha ukweli kuhusu UFO (vitu vya angani visivyotambulika) kwa kusingizia sayari ya Zuhura (Venus). Si kweli kwamba lilijibu kila taarifa kwa "ni Zuhura". Mradi wake wa kuchunguza taarifa hizo, Project Blue Book, uliofungwa mwaka 1969, ulikusanya taarifa 12,618, na 701 zikabaki bila maelezo. Hata mshauri wa mradi huo, mwanaastronomia J. Allen Hynek, baadaye aliulaumu kwa uzembe.

Ila Zuhura hudanganya kweli. Ikiwa karibu na upeo wa macho, hewa hupinda mwanga wake, ikawa inametameta nyekundu na kijani. Ukiikodolea gizani bila kitu cha kulinganisha, jicho lenyewe huiona "ikitembea".

Kwa taa uliyoiona, simama pale pale, ilinganishe na ncha ya nguzo au ukingo wa paa. Baada ya dakika 15, sayari itakuwa imesogea nyuzi karibu 4, yaani pungufu kidogo ya vidole vitatu ukinyoosha mkono. Ikisogea hivyo, ni sayari au nyota. Kisha ingiza mahali, tarehe na saa kwenye Stellarium, programu inayoonyesha nyota na sayari zilizokuwa angani wakati huo. Wengi huharibu hapa: saa 2 usiku ni 20:00, si 02:00!

Zuhura haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 47 hivi, kwa hiyo huku kwetu saa sita usiku haionekani. Taa ya saa hiyo mtafute Mshtarii (sayari ya Jupiter), nyota Sirius au ndege. Msururu wa taa zinazofuatana kimya, jioni au kabla ya alfajiri? Anza na setilaiti za intaneti za Starlink.