C za darasa la 9 zitamfungia binti yangu mlango wa chuo kikuu?

Swali: Tunaishi California na binti yangu ndiyo kwanza ameanza darasa la 11. Darasa la 9 alipata C kadhaa, kipindi ambacho baba yake aliugua sana. Amejitahidi, lakini GPA yake (wastani wa alama) imegota 3.1. Anataka darasa la 12 aache hesabu za juu, achukue masomo mepesi ili wastani upande. Nimruhusu?

Jibu: Hapana mama, asiache hesabu.

Hiyo 3.1 ni ya shule yake. Chuo Kikuu cha California hupiga hesabu upya, na alama za darasa la 9 hazimo. Wanachukua masomo waliyoyaidhinisha, kuanzia likizo ya kumaliza darasa la 9 hadi ile ya kumaliza darasa la 11. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2.

Shika kalamu. Tuseme ana masomo 5 kwa mihula 2, yaani alama 10 kwa mwaka. Darasa la 9: B 6 na C 4, pointi 26, wastani 2.6. Darasa la 10: A 6 na B 4, pointi 36, wastani 3.6. Shule inajumlisha 62, inagawa kwa 20, ndiyo hiyo 3.1 inayokunyima usingizi. Chuo kinaanzia kwenye 3.6. Na kama somo moja lilikuwa la AP (somo la ngazi ya chuo linalofundishwa sekondari) na amepata C au zaidi, kila muhula unaongezewa pointi 1: 38 kwa 10, tayari 3.8. Nyongeza hii ina kikomo cha mihula 8.

Sasa angalia tarehe. Maombi hutumwa darasa la 12 likiwa ndiyo limeanza, kwa hiyo masomo mepesi ya mwaka huo hayapandishi wastani huo hata nukta. Kitakachoonekana ni orodha yake ya masomo, na msomaji wa maombi ataona mtoto aliyekuwa anapanda ghafla kakwepa hesabu. Chuo hiki hakitazami SAT wala ACT, ile mitihani ya kuombea vyuo, kwa hiyo alama na uzito wa masomo ndivyo vinavyobeba maombi.

C zenyewe zitaonekana, na vyuo vingine vingi huhesabu miaka yote. Nashukuru hazikuwa D, maana somo la lazima huhitaji angalau C. Akishadahiliwa pia asilegee: transkripti ya mwisho, yaani rekodi ya alama zake, hudaiwa ifikapo Julai 1, na D au F inaweza kufuta udahili.

Ugonjwa wa baba usifichwe. Fomu ina sehemu ya maelezo ya ziada. Aandike mwenyewe, kwa sentensi chache, nini kilitokea nyumbani na alama zilianza kupanda muhula upi.