Maswali ya wafugaji: Vuli kwenye banda la ng'ombe wa maziwa

Maswali ya safari hii yametoka kwa wenye ng'ombe watatu hadi kumi, kwenye maeneo ambako majani ya miti hupukutika na baada yake huja baridi ya barafu. Vuli inayotajwa humu ni majira hayo, si mvua za vuli. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Swali: Malisho bado ni mabichi, na ng'ombe wanarudi jioni matumbo yamejaa. Mbona maziwa yameshuka kutoka lita 20 hadi 15 kwa kila ng'ombe, na kinyesi kimekuwa cha majimaji?

Matumbo hayo yamejaa maji. Majani ya vuli huota kwa mvua na umande, jua likiwa haba, kwa hiyo kilo 100 za majani hayo zikikaushwa zinaweza kubaki kilo 13 tu. Majira ya joto zingebaki 18 au 20. Ng'ombe wa kilo 500 anayekamuliwa lita hizo anahitaji kama kilo 16 za uzito mkavu kwa siku. Ili azipate kwenye majani hayo peke yake, itabidi ale zaidi ya kilo 120 kati ya macheo na machweo, na siku zenyewe zimefupika. Hawezi.

Kuna jambo la pili: majani hayo yana protini nyingi na sukari kidogo. Ndiyo sababu ya kinyesi kulainika, na ndiyo sababu ya kuwaonya wale wanaokimbilia kuongeza mashudu maziwa yakipungua. Protini anayo ya kutosha. Anachokosa ni nguvu. Asubuhi kabla ya kumtoa mpe kilo 2 hadi 3 za majani makavu mazuri, kisha kilo 2 za mahindi au shayiri iliyoparazwa, nusu kila mkamuo. Kinyesi kikianza kusimama kama uji mzito baada ya siku nne au tano, umepatia.

Kabla ya kununua chochote, lakini, angalia tarehe aliyozaa. Ng'ombe akishapita kilele cha maziwa hupungua kwa takriban asilimia 8 hadi 10 kila mwezi hata akilishwa vizuri. Kutoka lita 20 hadi 15 kwa miezi mitatu ni mwendo wa kawaida, na nafaka ya ziada itageuka mafuta mgongoni. Kwa mwezi mmoja, si kawaida. Hapo lishe ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Majani haya laini yana hatari nyingine isiyotoa onyo refu, nayo ni upungufu wa magnesiamu. Ng'ombe hutetemeka misuli, hutoa macho, huyumba, huanguka na kurusha miguu, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Kinga ni gramu 60 za oksidi ya magnesiamu kwa kila ng'ombe kila siku, ikichanganywa kwenye nafaka kwa sababu ladha yake hawaipendi. Mwili hauweki akiba ya madini haya inayoweza kutumika haraka, hivyo kuruka siku ni sawa na kuacha. Aliyekwisha kuanguka ni wa daktari wa mifugo, saa ileile.

Swali: Nina ng'ombe watano na nataka kuchimba shimo la saileji ya mahindi (mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kuvundikwa bila hewa) la upana wa mita 4 na kimo cha mita 1.5, ili liwatoshe miezi sita ya baridi. Je, linatosha?

Litatosha, na saileji itakuharibikia. Watu wengi hukokotoa ujazo wa shimo na kusahau uso wake, yaani ule ukuta wa saileji unaobaki wazi ukishafungua. Tuanze na ujazo, kisha turudi kwenye uso.

Ng'ombe mmoja wa kilo 500 apewe kilo 30 za saileji, kilo 3 za majani makavu, na nafaka kulingana na maziwa yake. Watano ni kilo 150 kwa siku, na kwa siku 180 ni tani 27. Ongeza ya kupotea, hata kwa mtu makini, ufikie tani 30. Mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa barabara hubeba karibu kilo 600, hivyo unahitaji mita 50 za ujazo.

Sasa uso. Kilo 150 kwa siku ni robo ya mita ya ujazo. Shimo lako lina uso wa mita 6 za mraba, kwa hiyo kila siku utakuwa unakwangua sentimita 4. Hewa hupenya ndani zaidi ya hapo, chachu na ukungu huamka, na saileji hupata joto kabla hujaifikia. Siku za baridi kali kata angalau sentimita 10 kwa siku. Siku za vuli zenye joto, 20. Uso wa upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.2 unakupa hizo 10. Urefu utakuwa mita 21, nasi tungeugawa mashimo mawili ili moja likiharibika usipoteze yote. Vilevile usilifungue mapema: tumia malisho na majani makavu mpaka baridi itulie.

Mwenye ng'ombe watatu afikirie marobota yaliyofungwa nailoni badala ya shimo. Robota la kilo 600 lililofungwa tabaka sita huliwa na ng'ombe watatu kwa siku sita au saba, na lililotoboka huharibika lenyewe tu.

Mahindi yakatwe lini? Vunja gunzi katikati utazame punje: mstari kati ya sehemu ngumu ya juu na maziwa ya chini ukifika nusu hadi theluthi mbili ya punje, kata. Kisha hakikisha kwa mkono. Finya konzi ya mahindi yaliyokatwakatwa kwa nusu dakika. Maji yakichuruzika, ni mabichi mno. Likibaki donge linalofunguka polepole, ni sawa. Likisambaratika mara moja, umechelewa, nawe ukate vipande vifupi zaidi na kushindilia kwa bidii maradufu. Vipande viwe vya sentimita 1 hadi 2.

Jaza kwa siku moja, mbili zikizidi. Tandaza tabaka la sentimita 15 na upite juu yake na trekta hadi kidole kisizame zaidi ya pingili ya kwanza. Matairi yaoshwe: udongo huleta bakteria wanaoifanya saileji inuke kama siagi iliyooza. Funika siku hiyohiyo, weka matairi makuukuu juu ya nailoni yakigusana, ukingoni mwaga mchanga. Mahindi hayahitaji molasi, sukari yanayo. Majani ya malisho ndiyo huhitaji, kilo 20 hadi 30 kwa tani, baada ya kunyaushwa. Lakini kufunga majani ya mwisho wa vuli hatukushauri hata kidogo: hayanyauki, sukari yake ni ndogo, na maji yanayotoka chini ni sumu kwa mito na visima. Afadhali yaliwe yakiwa yamesimama.

Subiri wiki nne hadi sita kabla ya kufungua. Saileji nzuri ni ya rangi ya manjano iliyofifia na ina harufu kali tamu, kama ya siki. Ya kahawia inayonukia tumbaku au sukari iliyoungua ilipata hewa na moto. Ng'ombe huipenda, ila lishe yake imekwisha kuungua. Yenye ukungu itupwe, na mwenye mimba asikaribishwe kwayo kabisa.

Swali: Ng'ombe wangu anatazamiwa kuzaa katikati ya Januari na bado anatoa lita 12. Nimkaushe lini, na nipunguze mikamuo kidogo kidogo au niache ghafla?

Siku 60 kabla ya kuzaa, kwake ni katikati ya Novemba. Chini ya siku 40 kiwele hakipati muda wa kujijenga upya na utalipa kwa maziwa ya uzao ujao. Wanaomkamua mpaka mwezi wa mwisho kwa sababu "bado anatoa" hupoteza zaidi ya walichopata.

Kwa lita 12, acha ghafla. Punguza nafaka siku 7 hadi 10 kabla, mpe majani makavu kwa wingi, maji usimnyime hata siku moja. Anayezidi lita 15 ashushwe kwanza kwa lishe. Kumkamua siku moja na kumwacha mbili huzuia chuchu kujiziba na kuwapa vijidudu mlango.

Siku ya mwisho pima kila chuchu kwa CMT, kipimo cha kibao cha kugundua ugonjwa wa kiwele. Zenye maziwa yanayoganda kwenye kibao zijadiliwe na daktari wa mifugo, ambaye ataagiza antibiotiki ya kukaushia. Zilizo safi zinaweza kupewa dawa ya kuziba pekee. Kamua hadi tone la mwisho. Vaa glavu safi. Sugua ncha ya kila chuchu kwa pamba yenye spiriti, pamba mpya kwa kila chuchu, mpaka itoke nyeupe: anza na zilizo mbali nawe, umalizie za karibu. Unapotia dawa geuza mpangilio, za karibu kwanza, mkono usije ukagusa zilizokwisha kusafishwa. Ingiza ncha ya tyubu milimita chache tu. Antibiotiki husukumwa juu kwa kukanda. Dawa ya kuziba haikandwi, shikilia shina la chuchu kwa vidole ili dawa ibaki chini. Ukifanya haya kwa mikono michafu utakuwa umefungia uchafu ndani, na ng'ombe amekufa kwa hilo. Chovya chuchu kwenye dawa, mwache asimame nusu saa kwenye sehemu safi, kisha mtie alama na umtenge na wanaokamuliwa.

Siku ya pili na ya tatu kiwele kitavimba na utatamani kumkamua. Usimkamue. Kitaanza kunywea chenyewe. Ila robo moja ikiwa ya moto, ngumu na nyekundu, au ng'ombe akiacha kula, huo ni ugonjwa wa kiwele na unatibiwa leo. Akizaa mapema kuliko ulivyohesabu, soma lebo ya dawa: siku za kutouza maziwa zinabaki palepale.

Wiki tatu za mwisho asile majani mabichi ya vuli; potasiamu yake nyingi huvuruga kalsiamu mwilini na kuita homa ya maziwa siku ya kuzaa.

Swali: Ndama wanakohoa. Ni baridi?

Baridi yenyewe haikohozi. Wakikohoa wangali malishoni, hasa ukiwakimbiza kidogo, shuku minyoo ya mapafu. Wakianza siku chache baada ya kuingizwa bandani, shuku hewa. Piga magoti uvute pumzi kwenye kimo cha pua ya ndama: macho yakikuwasha, mkojo unawala mapafu. Ziba upepo unaowapiga ubavuni, acha wazi upenyo wa juu kwenye paa. Matandiko ya mabua makavu yawe mengi kiasi kwamba ndama akilala miguu isionekane. Dawa ya minyoo itolewe kwa uzito uliopimwa kwa mkanda wa kifua, si kwa kukisia. Na wale wanaohema kwa shida wasipewe mpaka daktari awaone, kwani minyoo ikifa kwa pamoja ndani ya mapafu hali huzidi.

Swali: Malai (krimu) yangu ya vuli yanasukwa saa nzima bila kutoa siagi.

Maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukauka yana matone madogo ya mafuta, nayo hayashikani kwa urahisi, ingawa mafuta kwa ujumla yamezidi. Changanya na malai ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Pima joto: nyuzi 12 zinazofaa wakati wa joto hazifai sasa, jaribu 15 au 16. Chombo kisijazwe kupita nusu. Na kama siagi ina ladha ya sabuni, pasha malai nyuzi 63 kwa dakika 30 mara tu unapoyaengua, kisha yapoze. Ladha hiyo hutokana na vimeng'enya vinavyovunja mafuta malai yakikaa mabichi.

Swali: Mbegu za mwaloni zinazoanguka malishoni zina madhara?

Zina tanini inayoharibu figo, na mbichi za kijani ni kali zaidi ya za kahawia. Nguruwe huzila bila shida; mitamba wenye njaa ndio hudhurika. Huanza kwa kufunga choo, kisha kuhara kweusi, wakati mwingine kukiwa na damu, na hakuna dawa ya kuondoa sumu yenyewe. Zungushia mti waya wa umeme, na baada ya usiku wa upepo mkali ukague upya kabla ya kuwafungulia, maana mbegu huviringika hadi nje ya uzio.