Pima silinda kwanza, pistoni baadaye: majibu kwa wanaofumua injini za pikipiki za theluji

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ni pistoni ipi iliyo bora kwa injini ya mipigo miwili ya pikipiki ya theluji, chombo kinachosukumwa na mkanda badala ya gurudumu? Katika barua hizo zote, ni 2 tu zilizotaja kipimo cha silinda. Kwa hiyo nimechagua maswali yanayonipa nafasi ya kurudia neno ambalo sitachoka kulirudia, kwamba anayetaka pistoni inayofaa hana budi kuanza na silinda aliyo nayo na mabaki ya pistoni iliyotangulia, kabla hajafungua orodha ya bidhaa ya mtu yeyote.

Injini yangu ya sentimita za ujazo 800 imenoki silinda ya kushoto, ile ya kulia ni nzima. Niagize pistoni ya kampuni gani?

Usiagize chochote bado. Pistoni iliyokwama ni shahidi, na shahidi hatupwi kabla ya kuhojiwa. Ioshe, iweke mahali penye mwanga, kisha uitazame pande zote. Mikwaruzo mirefu iliyo upande wa ekzosi peke yake kwa kawaida huonyesha kwamba pistoni ilizidiwa na joto, mara nyingi kwa sababu mchanganyiko ulikuwa na hewa nyingi na petroli kidogo. Mikwaruzo iliyojipanga katika pembe 4, yaani 2 kwa kila upande wa pini inayoiunga pistoni na mkono wake, ni dalili ya pistoni iliyotanuka haraka kuliko silinda yake, ama kwa sababu nafasi kati yake ilikuwa finyu, ama kwa sababu injini ilikimbizwa kabla haijapata joto. Taji, yaani sehemu ya juu ya pistoni, lenye kingo zilizodonoka kana kwamba limepigwa na mchanga, au lililotoboka, linakuambia kwamba petroli ilikuwa inalipuka kwa kishindo badala ya kuungua kwa mpangilio. Sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni, iliyokwaruzwa pande zote na isiyo na dalili yoyote ya utelezi inakutuma kwenye pampu ya oili na mipira yake.

Kwamba umeharibikiwa na silinda moja tu, hilo nalo ni ushahidi. Petroli mbovu au oili isiyofaa huzigusa silinda zote mbili, ilhali sili iliyochoka ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), mpira wa kabureta uliopasuka au jeti iliyoziba huua upande wake tu. Ziba tundu la kuingizia hewa na la ekzosi, jaza hewa kwa pampu ya mkono hadi kati ya 0.4 na 0.5 ya bari, uone kama shinikizo linakaa kwa dakika kadhaa. Likishuka, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote mpaka uone povu linapochemka. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote cha ajabu, lakini watu hukiruka, wanafunga pistoni mpya kwenye injini inayovuta hewa kwa siri, kisha wananiandikia kwamba pistoni za kampuni fulani ni mbovu. Kagua pia beringi za krenki, kwa kuwa vipande vya ringi (pete zinazoizunguka pistoni) na vya alumini huangukia huko, na krenki iliyomeza vipande haioshwi kwa petroli ikapona.

Ukishamaliza hayo ndipo swali la kampuni linakuwa na maana, na jibu langu ni fupi: nunua kwa mtengenezaji anayeeleza kwa maandishi aina ya alumini aliyotumia, mahali pa kuipimia pistoni yake, na nafasi anayoitaka kati ya pistoni na silinda. Asiyeyasema hayo hastahili kuingia ndani ya injini yako, hata kama pistoni yake inang'aa namna gani.

Nimeshauriwa niweke pistoni za kufuliwa kwa sababu ni imara kuliko za kusubu. Je, ni kweli?

Ni kweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoharibu injini. Pistoni ya kusubu, ambayo alumini yake imemiminwa katika kalibu, kwa kawaida huwa na silikoni nyingi, kuanzia takriban asilimia 12 na kuendelea. Silikoni hiyo hupunguza kutanuka na huifanya isilike upesi, lakini huifanya pia iwe rahisi kuvunjika, kwa hiyo inapochoka hupasuka sketi na vipande vyake hutawanyika. Pistoni ya kufuliwa hushindiliwa kwa nguvu kubwa ikiwa donge, na chembe zake hushikamana vizuri zaidi. Ikizidiwa hupinda au kuyeyuka kabla ya kuvunjika. Kwa anayekimbia mashindano na kufungua injini yake mara kwa mara, hiyo ni faida kubwa.

Lakini neno "kufuliwa" halitoshi. Alumini ya daraja la 2618 ina silikoni chini ya asilimia 1, ni ngumu kupasuka, na hutanuka sana. Ya daraja la 4032 ina silikoni kati ya asilimia 11 na 13.5, na kutanuka kwake kunakaribia kule kwa pistoni za kusubu. Chukua pistoni ya milimita 82. Joto lake likipanda kwa nyuzi 100, ile ya 2618 hutanuka kwa takriban milimita 0.19, na ile yenye silikoni nyingi kwa takriban milimita 0.16. Tofauti ya milimita 0.03 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba nafasi nzima tunayoizungumzia mara nyingi ni kama milimita 0.1. Ndiyo maana pistoni ya 2618 hudai nafasi kubwa zaidi, na ndiyo maana hugonga kidogo injini inapokuwa baridi.

Sasa fikiria mahali chombo hiki kinapofanyia kazi. Injini huwashwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, maji yake ya kupozea yamelala ndani ya vipoza vilivyo juu ya mkanda, na theluji huvirukia vipoza hivyo mfululizo. Taji la pistoni hupata joto katika sekunde chache, wakati silinda ingali baridi. Thamostati inapofunguka, maji ya baridi kali huingia ghafla kwenye njia za maji zinazoizunguka silinda, nayo silinda husinyaa na kuibana pistoni iliyokwisha kutanuka. Mpanda pikipiki asiye na subira, akiwa na pistoni ya kufuliwa iliyofungwa kwa nafasi ya pistoni ya kusubu, ataikwamisha injini yake kabla hajafika mbali. Kwa matumizi ya kawaida ya kusafiri na kutembea, mimi huchagua pistoni nzuri ya kusubu, au ya 4032 ikiwa injini hiyo inajulikana kwa kupasua sketi, na sioni haya kulisema hilo mbele ya wanaodhani kila kilicho ghali ni bora.

Silinda ina mikwaruzo. Je, nibori, yaani niitanue kwa kuikwangua ndani, na kuweka pistoni yenye ukubwa wa ziada wa milimita 0.5?

Swali hili huja kila mwaka, na kila mwaka mwulizaji hasemi silinda yake ni ya aina gani. Kama ni ya zamani yenye slivu ya chuma, yaani bomba la chuma lililovikwa ndani yake, ndiyo, unaweza kubori na kufuata saizi za ziada zinazouzwa. Silinda nyingi za sasa, hata hivyo, ni za alumini zilizopakwa ganda gumu la nikeli lenye chembe za silikoni kabidi. Ganda mashuhuri la aina hiyo, Nikasil, lilibuniwa na kampuni ya Mahle ya Ujerumani mwaka 1967 kwa ajili ya injini za Wankel. Ganda hilo ni sehemu ndogo tu ya milimita. Ukilibori umelimaliza, na kilichobaki ni alumini tupu inayosuguana na alumini.

Kwanza hakikisha kwamba unachokiona ni mikwaruzo. Mara nyingi ni alumini ya pistoni iliyogandamana juu ya ganda zima. Hiyo huondolewa kwa asidi hidrokloriki inayopakwa kidogo kidogo kwa pamba ya kijiti juu ya alama zenyewe tu, mbali na kingo za madirisha (matundu ya kupitishia gesi yaliyo ukutani mwa silinda), ukiwa nje penye hewa, umevaa glavu na miwani ya kinga. Asidi hiyo hula alumini, wala haichagui kati ya alumini ya pistoni na ya silinda yako. Ikiendelea kutoa povu mahali pamoja hata baada ya alama kutoweka, acha mara moja, kwa maana ganda limekwisha toboka na sasa inakula mwili wa silinda. Vinginevyo osha kwa maji yenye magadi, ukaushe, upake oili. Silinda iliyotoboka ganda hupelekwa kupakwa upya na kurudishwa kwenye kipimo chake cha awali. Mpelekee mpakaji pistoni mpya pamoja na silinda, ili asawazishe ganda kwa kuifuata pistoni hiyo hiyo.

Nimepima pistoni mpya kwa vernia nikakuta ni ndogo kuliko ya zamani. Je, nimeuziwa mbovu?

Inaelekea umeipima pasipopaswa kupimwa, tena kwa chombo kisichofaa. Pistoni si mviringo kamili: taji lake ni dogo kuliko sketi kwa sababu ndilo litakalopata joto zaidi, na sketi yenyewe ni ya umbo la yai kidogo. Hupimwa kwa maikromita, kwenye sketi, kwa pembe ya nyuzi 90 kutoka kwenye pini, katika kimo alichotaja mtengenezaji. Ikiwa sketi imepakwa rangi nyeusi ya kulainisha, angalia kama kipimo kinachukuliwa juu ya rangi hiyo au mahali palipoachwa wazi. Silinda nayo hupimwa kwa geji ya ndani, katika vimo vitatu na pande mbili, ukijihadhari na kingo za madirisha.

Tena jambo ambalo sikuulizwa: vitu vyote vikae usiku kucha katika chumba kimoja kabla ya kupimwa. Pistoni ya milimita 82 iliyotolewa kwenye banda lenye baridi kali na kupimwa kando ya silinda iliyolala ndani penye joto, kwa tofauti ya nyuzi 40, itakudanganya kwa takriban milimita 0.07. Hapo utakuwa umepima hali ya hewa.

Mwanya wa ringi uwe kiasi gani?

Kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi iliyokuja na pistoni. Ikikosekana, kanuni ya jumla ni milimita 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani takriban 0.33 kwa silinda ya milimita 82. Isukume ringi kwa taji la pistoni ili ikae sawasawa ndani ya silinda, mahali pasipo na dirisha, kisha pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mwanya mdogo mno ni hatari kuliko mkubwa kidogo, kwa sababu ncha zikigusana injini ikiwa moto, ringi hukosa pa kwenda na huvunjikia dirishani. Hakikisha pia kila ncha imekaa kwenye kipini chake ndani ya mfereji kabla hujateremsha silinda.

Mshale ulio juu ya taji uelekee wapi?

Upande wa ekzosi, isipokuwa kitabu cha injini yako kiseme vingine. Tafadhali kisome kitabu hicho kabla ya kuniandikia tena.

Imeharibika pistoni moja. Je, nibadilishe moja tu?

Badilisha zote mbili. Zimekimbia umbali uleule, na pistoni mpya ya muundo tofauti yaweza kutofautiana uzito na ile ya zamani, jambo ambalo krenki italihisi katika kila mzunguko.

Nataka pistoni yenye taji la juu ili niongeze nguvu ya kupanda milima.

Ukiwa kwenye kimo cha mita 3,000 shinikizo la hewa hupungua kwa takriban asilimia 30, hivyo injini huweza kuvumilia mgandamizo mkubwa zaidi huko juu. Tatizo ni siku utakayoteremka nayo bondeni ukiwa na petroli ileile ya kawaida, kwa sababu hapo hewa inakuwa nzito, mgandamizo unapita kiasi, na taji lako linaanza kudonoka. Tena taji likipanda, nafasi kati yake na kifuniko cha silinda hupungua. Ipime kwa waya laini wa risasi uliowekwa pande zote mbili juu ya mstari wa pini, zungusha krenki kwa mkono, kisha pima unene uliobaki. Katika silinda za ukubwa huu mimi siwashi injini yenye nafasi iliyo chini ya milimita 1. Kama hutaki kupima, baki na taji la kiwandani.

Injini mpya niilee vipi?

Iwashe, iache ipate joto hadi maji ya moto yafike kwenye vipoza, izime, ipoe kabisa, kisha urudie mara 2 zaidi kabla ya kuipanda. Kwa tangi la kwanza ongeza oili kwenye petroli kwa kipimo cha kitabu, hata kama injini ina pampu yake ya oili. Badilisha mwendo mara kwa mara, usikae muda mrefu kwenye kasi moja, wala usiivute hadi mwisho. Na baada ya hapo, katika maisha yake yote, usiondoke mpaka theluji iliyo juu ya vipoza ianze kuyeyuka.

Je, klipu za pini za zamani naweza kuzirudisha ikiwa zinaonekana nzima?

Hapana. Klipu ikishatolewa imekwisha kupinda, na ikichomoka hukwangua ganda la silinda kutoka juu hadi chini. Weka mpya, mlango wake uelekee juu au chini na usielekee pembeni, na uzibe shimo la krenki kwa kitambaa safi wakati unazifunga.